Gari la Kukodi Lisbon: Lichukue Siku Unayotoka Mjini

Siku mbili tatu za kwanza Lisbon, usikodi gari. Mji umejengwa juu ya vilima, mitaa yake ya kale inapitisha gari moja kwa shida, na maeneo kama Alfama na Bairro Alto yamewekewa nguzo za chuma zinazozama na kuibuka barabarani ili wapite wakazi na wenye kibali tu. Reli za tramu zimekatiza katikati ya njia. Ukiegesha gari vibaya kidogo kwenye njia ya tramu namba 28, tramu haiwezi kukukwepa. Abiria watakaa ndani wakikutazama mpaka gari la kuvuta lije. Mawe madogo yaliyotandazwa mitaani huteleza yakilowa. Tena hoteli nyingi za katikati hazina maegesho, kwa hiyo utalipa kodi ya gari na kulipia pia mahali pa kulilaza, huku wewe mwenyewe unatembea kwa miguu.

Nunua kadi ya Navegante kwenye mashine ya kituo cha metro, ijaze fedha, nayo itakupandisha metro, tramu, mabasi, vivuko vya mto Tejo na treni za vitongojini. Sintra, ambako kila mgeni anataka kwenda, nenda kwa treni kutoka kituo cha Rossio. Ni safari ya dakika arobaini hivi, na ukifika unapanda basi kwenda kasri la Pena. Anayepeleka gari Sintra mwezi wa Julai ataiona milima yake kupitia kioo cha mbele, akiwa kwenye foleni, kisha atakuta barabara za katikati zimefungwa kwa magari ya wageni.

Siku hizo zisizo na gari zina kazi yake kwa msomaji wa pwani yetu. Katika kanisa la watawa la Jerónimos, mtaa wa Belém, limo kaburi la Vasco da Gama, aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Ukirudi kuelekea mjini, ulizia Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, Museu Nacional de Arte Antiga. Humo huhifadhiwa Custódia de Belém, chombo cha ibada cha dhahabu kilichokamilika mwaka 1506, na anayetajwa kuwa mfuaji wake ni Gil Vicente. Dhahabu yake ni ya Kilwa. Da Gama aliitoza kwa mtawala wa mji huo kama kodi katika safari yake ya pili, akaipeleka kwa mfalme Manuel wa Kwanza. Miaka michache baada ya kodi hiyo, mwaka 1505, meli za Francisco de Almeida ziliipora Kilwa, kisha Mombasa. Hakikisha kwanza kwamba makumbusho yako wazi siku unayokwenda, halafu simama mbele ya chombo hicho kwa muda. Mtu wa Lindi au Lamu atakitazama kwa jicho lake.

Gari ni la nje ya mji, kwenye fukwe za kusini, tambarare za Alentejo na rasi za magharibi, ambako basi hupita mara chache au halipiti kabisa. Hesabu siku zako za kwenda huko, ukodi kwa siku hizo tu.

Sasa bei. Bei unayoiona kwenye tovuti za kulinganisha ni ya kukuvuta. Wakati wa baridi, kuanzia Novemba hadi Machi ukiacha sikukuu, gari dogo la gia za mkono hukodishwa kwa fedha kidogo sana. Agosti gari hilohilo hupanda mara kadhaa, na usipoagiza mapema utakuta yamebaki makubwa tu. Otomatiki ni ghali zaidi msimu wowote na huisha haraka. Hata hivyo, kama umezoea Vitz au IST ya otomatiki, usijitie ushujaa wa kubania pesa hapo. Kubadili gia kwa mkono wa kulia, upande wa barabara usiouzoea, huku gari likirudi nyuma kwenye mlima wa Lisbon na dereva wa teksi akikupigia honi, ni mambo mengi kwa wakati mmoja.

Juu ya bei hiyo huongezwa mengine. Dereva aliye chini ya miaka 25 kwa kawaida hulipa ada ya ujana. Dereva wa pili hulipiwa kila siku. Kiti cha mtoto nacho ni cha kukodi, na si hiari: Ureno mtoto wa chini ya miaka 12 ambaye hajafika urefu wa mita 1.35 lazima akae kwenye kiti chake. Kuchukua gari uwanja wa ndege kuna ada yake. Siku huhesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo ukilichukua saa nne asubuhi na kulirudisha saa sita mchana, umelipia siku nzima ya ziada. Utaratibu wa mafuta uchague ule wa kulichukua limejaa na kulirudisha limejaa. Ule wa kununua tangi zima mapema unaifaa kampuni, kwani hakuna anayerudisha gari likiwa kavu.

Linalowaumiza wasafiri wetu zaidi ni dhamana. Kampuni nyingi hutaka kadi ya mkopo, yenye jina la dereva mwenyewe kama lilivyo kwenye leseni, na huzuia humo kiasi cha fedha mpaka gari lirudi. Kwa kampuni za bei ya chini kiasi hicho mara nyingi huvuka euro 1,000. Kadi ya kujaza kwanza, kadi ya kwenye simu kama ile ya M-Pesa, au kadi ya kaka yako aliyeko Leicester, hukataliwa kaunta hata kama ilikubaliwa wakati wa kulipa mtandaoni. Wapo wanaopokea kadi ya kawaida ya benki, lakini kwa sharti la kununua bima yao yote. Kwa hiyo kabla ya kulipa soma masharti ya kampuni yenyewe inayotoa gari, maana tovuti ya kulinganisha ni dalali tu, na ukikwama kaunta dalali hayupo.

Bima inahitaji kueleweka kidogo. Gari huja na bima ya msingi, lakini inakuachia sehemu ya hasara ambayo utaibeba mwenyewe, na dhamana ni rehani ya sehemu hiyo. Kaunta watakuuzia bima ya kuifuta. Bei yake kwa siku inaweza kuzidi kodi ya gari lenyewe, na hapo ndipo kampuni za bei ya kutupa zinapopata faida yake. Unaweza kuikataa na kubaki na dhamana iliyozuiwa. Msomaji anayeishi Uingereza au kwingine Ulaya anaweza kununua bima ya aina hii ya mwaka mzima kutoka kampuni nyingine kwa fedha ndogo. Anayetoka Nairobi au Dar es Salaam asome kwanza, kwani nyingi zinawahusu wakazi wa Ulaya pekee. Kwa maoni yangu, kama dhamana ikipotea nzima itakuvurugia ada za shule za watoto, nunua bima ya kaunta na uihesabu kwenye bei tangu mwanzo. Ukishafanya hivyo, linganisha upya. Mara nyingi kampuni kubwa iliyoonekana ghali inatoka sawa na ile ya rahisi, na ina gari jipya na foleni fupi.

Leseni yako ya nyumbani ibebe pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva, kile kijitabu ambacho Kenya hutolewa na AA. Kibali peke yake si leseni, na leseni peke yake inaweza kukupotezea asubuhi nzima ya kubishana na karani. Kampuni nyingi hutaka uwe na leseni kwa mwaka mmoja au zaidi. Pasipoti ni lazima iwe mkononi. Na ukiwaza kuvuka mpaka kwenda Hispania, ambao kutoka Évora hauko mbali, omba ruhusa kwa maandishi, kwani bila ruhusa bima hukoma mpakani.

Siku ya kulichukua gari, panda metro mstari mwekundu urudi uwanja wa ndege. Ofisi za mjini huwa na bei ya chini kidogo, lakini zinakutupa moja kwa moja kwenye vichochoro na mizunguko ya Marquês de Pombal. Uwanja wa Lisbon uko ndani ya mji, na daraja la Vasco da Gama liko karibu. Ukichagua Jumapili asubuhi, saa yako ya kwanza kwenye usukani itakuwa kwenye barabara pana, iliyonyooka, yenye magari machache, juu ya maji. Daraja hilo lina urefu wa zaidi ya kilomita 17 ukijumlisha njia zake za kuingilia, na lilifunguliwa mwaka 1998, miaka 500 baada ya mwenye jina hilo kufika India akiongozwa na nahodha aliyempata Malindi. Kampuni nyingi za bei rahisi hazimo ndani ya jengo la uwanja. Basi dogo litakupeleka kwenye yadi yao. Weka saa nzima kwa ajili ya hilo, na zaidi wakati wa kiangazi.

Kabla ya kuwasha gari, chukua video ya simu. Lizunguke polepole, piga rimu zote nne, kioo cha mbele, paa na sehemu ya chini ya bampa. Tairi, vioo na uvungu mara nyingi haviguswi na bima ya msingi, na ndivyo wanavyovikagua kwanza ukirudi. Kila mkwaruzo usioandikwa kwenye fomu, uandikwe mbele yako. Karani akikuambia mkwaruzo mdogo kama huo hauhesabiwi, mwombe aandike hivyo hivyo. Angalia pia kama pembetatu na fulana ya kuakisi mwanga vimo, kwani sheria inavitaka, kisha usome ndani ya kifuniko cha tangi gari linakunywa nini. Kwenye vituo vya Ureno, gasóleo ni dizeli. Petroli ni gasolina. Waliochanganya hayo mawili wamelipia injini. Alama za Ulaya zinasaidia: petroli huwekwa ndani ya duara na dizeli ndani ya mraba.

Uliza kuhusu kifaa cha Via Verde, kisanduku kidogo kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele ambacho hulipa tozo za barabara bila kusimama. Kampuni hutoza ada ndogo kwa siku kukiwasha, na tozo zenyewe hukatwa kwenye kadi yako. Kichukue. Bila kifaa unapanga foleni kwenye malango ya tiketi, na ukijisahau ukapita njia yenye alama ya V ya kijani, umetengeneza deni litakalokufuata mpaka nyumbani. Tangu Januari 2025 tozo zimefutwa kwenye baadhi ya barabara za tozo za kielektroniki, kama A22 ya Algarve, lakini A1, A2, A5, A6 na A8, yaani karibu zote utakazotumia kutoka Lisbon, bado zinalipiwa. Madaraja yote mawili ya Tejo yanatoza anayeingia Lisbon tu. Kutoka ni bure.

Msomaji wa Kigali, Bujumbura au Bukavu amezoea kuendesha kulia, aruke aya hii. Sisi wengine, hatari haiko kwenye barabara kuu yenye magari. Iko pale unapotoka kituo cha mafuta asubuhi, barabara tupu, akili iko Morogoro, na mkono unakata kushoto wenyewe. Abiria wa mbele apewe kazi ya kusema "kulia" kila mnapotoka kwenye maegesho. Kwenye kipilefti unaingia kwa kulia, magari yaliyomo ndani yanatokea kushoto kwako, na ndiyo yenye haki. Kama hutoki njia ya kwanza, kaa mstari wa ndani mpaka ukaribie kutoka. Polisi huandikia faini kosa hilo. Kwenye makutano yasiyo na alama, anayetokea kulia kwako ana haki, hata kama njia yake inaonekana ya kichochoro.

Mwendo ni 50 mjini, 90 barabara za kawaida na 120 barabara kuu za kulipia, na kamera zipo. Simu mkononi ni faini inayoanzia euro 250. Asiye mkazi hutakiwa kulipa palepale, na risiti hutolewa. Msamiati wa chai usiujaribu. Dharura yoyote ni 112.

Sasa umevuka daraja, uko upande wa kusini wa mto, na una njia mbili. Ya kwanza ni Setúbal na milima ya Arrábida, kilomita 50 hivi. Kula choco frito, ngisi wa kukaanga, bandarini Setúbal, halafu panda barabara ya N379-1 inayofuata mgongo wa mlima. Bahari iliyo chini yake ina rangi ambayo watu wa Nungwi wataitambua, ila maji ni baridi ya kukatisha pumzi hata Agosti. Kiangazi magari binafsi huzuiwa kwenye kipande kinachoshuka kwenye fukwe, na mabasi hupeleka watu, kwa hiyo nenda Mei au mwisho wa Septemba. Ukiwa na nguvu, endelea Sesimbra hadi rasi ya Espichel. Njia ndefu zaidi ni kuvuka na gari kwa kivuko kutoka Setúbal hadi Tróia, upite mashamba ya mpunga ya Comporta, ushuke hadi Sines. Ndiko Vasco da Gama alikozaliwa, na ngome yake ndogo inatazama bahari ambayo siku hizi imejaa meli za makontena. Nauli ya kivuko kwa gari si ndogo, lakini inakupunguzia mzunguko mrefu wa ghuba ya Sado.

Njia ya pili ni Évora, kilomita 130 kwa A12, A2 na A6. Ningekuwa na siku moja tu ya gari, ningeitumia huku. Njiani utaona mialoni iliyovuliwa gome, mashina yakiwa mekundu kama yamechunwa, na tarakimu moja ya rangi nyeupe juu yake. Gome hilo ndilo linalotengeneza vizibo vya chupa, na Ureno hutoa karibu nusu ya gome hilo lote duniani. Huvunwa kila baada ya miaka tisa, na tarakimu ile ni mwisho wa mwaka uliovunwa. 4 ni 2024. Évora yenyewe ina hekalu la Warumi katikati ya mji na kanisa dogo ambalo kuta zake zimefunikwa kwa mifupa ya watu. Egesha nje ya ukuta wa mji, uingie kwa miguu. Karibu na hapo, baada ya kijiji cha Guadalupe, kuna mduara wa mawe wa Almendres, wa kale kuliko Stonehenge. Kilomita za mwisho ni za vumbi. Kwa dereva wa Tanga au Kitui hiyo ni barabara nzuri tu, lakini mikataba mingi inaondoa bima mara unapoacha lami. Nenda polepole ukijua uko kwenye mfuko wako, au tembea.

Magharibi na kaskazini nitapita haraka. Rasi ya Roca, Cabo da Roca, ni ncha ya magharibi kabisa ya bara la Ulaya, na barabara ya N247 kutoka Guincho ni nzuri kuliko rasi yenyewe, ambayo ni mnara wa taa, upepo na mabasi ya watalii. Mafra ina kasri lililoanza kujengwa mwaka 1717 na ukubwa wake hauelezeki. Nazaré ina mawimbi makubwa mno, lakini ni ya majira ya baridi. Ukienda Julai utakuta bahari ya kawaida na watoto wanaochezea mchanga.

Popote unapoegesha, usiache kitu ndani. Wezi wa Ureno hawana fujo, ila wanayajua magari ya kukodi, na wanajua kwamba mtalii wa ufukweni au wa rasi atakuwa mbali kwa saa moja. Begi la kompyuta usilifungie kwenye buti baada ya kufika; anayekutazama ameshaona. Katika maegesho ya wazi utakutana na mtu anayekupungia mkono uingie mahali ambapo ulikuwa unaingia tu, kama vijana wa maegesho wa Nairobi. Sarafu kidogo inatosha, na haifuti haja ya tiketi ya mashine. Mitaa ya Lisbon imegawanywa kwa kanda za rangi. Nyekundu ni ghali kuliko njano, na njano kuliko kijani. Kampuni ya mji inayosimamia maegesho, EMEL, hufunga minyororo ya tairi bila kuchelewa.

Usirudi Jumapili jioni ya kiangazi kwa daraja la 25 de Abril, lile lingine la Tejo, kwani Lisbon nzima inarudi kutoka fukwe za Caparica saa hiyo hiyo. Jaza mafuta kwenye kituo cha supamaketi kabla ya kufika uwanja wa ndege, kwani vituo vya barabara kuu ni ghali zaidi, na tunza risiti inayoonyesha saa. Rudisha gari wakati ofisi iko wazi. Ukitupa ufunguo kwenye sanduku usiku, ukaguzi utafanyika bila wewe. Piga video ya pili, pamoja na geji ya mafuta na kilomita, udai karatasi inayosema gari limepokelewa bila dosari, usiondoke bila hiyo.

Dhamana huachiliwa baada ya siku kadhaa, wakati mwingine wiki, kutegemea benki yako. Faini za kamera na tozo zilizochelewa huifikia kampuni baadaye sana, nayo huzikata kwenye kadi ileile pamoja na ada yake ya ushughulikiaji. Mkataba, risiti na video zote mbili vihifadhi kwa miezi sita, na taarifa za kadi uzisome kila mwezi.